Hanamu Sawa Hutoka kwenye Mstari

Kuna neno husemwa kwa uhakika mkubwa kila kisu kilichofuliwa kwa mkono kinapowekwa mezani na pande zake zikaonekana hazifanani: mhunzi hana mashine. Mnunuzi hulisema kwa huruma. Kijana anayejifunza uhunzi hulisema kwa kukata tamaa, akikumbuka video alizotazama kwenye simu, ambamo mkanda wa msasa unazunguka kwa kasi na kisu kinatoka kimenyooka tangu mpini hadi ncha. Na wahunzi wenyewe, hata walio hodari wa nyundo, wamelipokea neno hilo wakalifanya lao. Limekuwa kama sheria: hanamu zilizo sawa ni za mwenye umeme, asiye nao atosheke na kisu kinachokata tu.

Sikubaliani na sheria hiyo, na naona imewagharimu mafundi wetu kuliko wanavyodhani. Hanamu ninayoisema ni ule mwinamo unaoanza mahali fulani ubavuni mwa bapa na kushuka hadi kwenye makali. Kisu cha kawaida kina mbili, moja kila upande, na zikikutana katikati kabisa ya unene wa chuma, kisu kinakata kinakoelekezwa. Mashine ya mkanda huziondolea hanamu chuma haraka, hilo halina ubishi. Lakini kuondoa chuma ni jambo moja, na kujua chuma kiondolewe mpaka wapi ni jambo jingine. Hilo la pili ndilo linaloleta usawa, na mashine hailijui. Analijua fundi aliyechora mstari kabla hajagusa chuma, akafuata utaratibu wa kazi unaoulinda mstari huo mpaka mwisho.

Kwa haki, wanaosema bila mashine haiwezekani wana sababu zao. Hanamu ni bapa tupu lililoinama kwa digrii chache sana, na mkono wa binadamu hauendi kama reli. Ukisukuma tupa, bega linapanda na kushuka, kiwiko kinazunguka, na tupa inayumba. Mwisho wake unapata mwinamo wenye tumbo, mnene katikati na uliolika pembeni, na upande wa kulia unatoka tofauti na wa kushoto kwa sababu mkono wenyewe una upande unaoupenda. Aliyejaribu mara moja na kuona matokeo hayo ana kila sababu ya kuamini kwamba tatizo ni mkono, na kwamba dawa ni kitu kisichoyumba. Hapo ndipo hoja inapopotea njia, kwa maana imedhani kazi yenyewe ni kushika pembe.

Chukua kisu chenye mgongo wa milimita 4. Hanamu yake ipande milimita 20 kutoka kwenye makali, na makali yaachwe na unene wa milimita 1 kabla ya kuimarishwa kwa moto, kwa sababu nitakazozieleza. Kila upande unapaswa kupoteza milimita 1.5 kwenye makali, na kupungua hivyo hivyo hadi kuisha kabisa kwenye urefu wa milimita 20. Pembe yake ni kama digrii 4.3. Sasa fundi akikosea kwa digrii moja tu akapiga tupa kwa digrii 5.3, hanamu yake itaishia kwenye milimita 16 badala ya 20. Takriban milimita 4 nzima zimehama! Ligeuze swali: mstari wa juu wa hanamu ukihama kwa nusu milimita, pembe imebadilika kiasi gani? Sehemu moja ya kumi ya digrii. Hakuna mkono duniani unaohisi sehemu ya kumi ya digrii, wala jicho linaloiona. Lakini nusu milimita juu ya mstari uliochorwa vizuri, kila mwenye macho mazima anaiona.

Kwa hiyo mwenye kujaribu kushika pembe amejitwisha kazi ambayo mwili haukuumbiwa, na mwenye kufuata mstari amekabidhi kazi hiyo kwa jicho, ambalo lina uwezo nayo. Hanamu ina mipaka miwili: mstari wa juu inapoanzia na mstari wa chini inapoishia. Mipaka hiyo ikiwa imenyooka na imechorwa mahali palepale pande zote mbili, na chuma kilicho kati yake kikawa tambarare, pembe imejipata yenyewe bila kupimwa. Mwashi anayepanga matofali hakisii ukuta kwa macho. Anafunga uzi, kisha anafuata uzi. Hakuna anayemwambia kwamba ukuta wake umenyooka kwa sababu ana kipaji.

Mstari wa chini ndio wenye thamani zaidi, nao ndio watu wengi hawauchori kabisa. Kifaa chake ni biti ya drili yenye kipenyo sawa na unene wa bapa. Bapa linalazwa juu ya kitu kilicho tambarare kweli, kipande cha kioo kinene au marumaru ya sakafu, na biti inalazwa hapo hapo. Ncha ya biti iko katikati ya kipenyo chake, kwa hiyo inapoburutwa ukingoni mwa bapa inachora mstari uliopita katikati ya unene. Kisha bapa linageuzwa upande wa pili na kuchorwa tena. Biti ikiwa na kipenyo sawasawa na bapa, mistari miwili inalaliana. Ikiwa kubwa au ndogo kidogo, inatokea mistari miwili sambamba yenye nafasi finyu kati yake, na hiyo ni faida: nafasi hiyo ndiyo unene wa makali utakaoachwa. Kwa bapa la milimita 4, biti ya milimita 5 inaacha mistari iliyoachana kwa milimita 1 kamili. Ukingo upakwe kwanza wino wa makapeni ili mkwaruzo ung'ae juu ya rangi.

Hila hiyo ina sharti moja: bapa liwe na unene uleule na limenyooka. Bapa lililofuliwa huwa na mabonde ya nyundo, na biti itayafuata mabonde hayo. Ndiyo maana pande mbili za kisu hupigwa tupa zikawa tambarare kwanza, kabla ya kuwaza hanamu. Wengi huruka hatua hii kwa sababu haionekani kuwa ni kazi ya kisu. Wanaanza na makali, wakijenga juu ya msingi unaopanda na kushuka, na baadaye wanailaumu tupa.

Mstari wa juu ni rahisi zaidi. Kata kigezo cha bati, kifuate mgongo, uchore mstari pande zote mbili kwa kigezo kilekile. Karibu na mpini, pale hanamu inapokoma, chora mstari wa kukingama na uhakikishe wa kulia na wa kushoto inatazamana. Kosa la hapo linaonekana kabla ya kosa jingine lolote, kwa maana mtu akishika kisu na kukitazama kutoka juu ya mgongo, macho yanakwenda moja kwa moja kwenye pembe hizo mbili.

Sasa chuma kiwe laini. Hili nitakaa nalo kwa muda kwa sababu ndilo linalowakatisha tamaa vijana wengi, nao hawajui limetoka wapi. Springi za gari, ambazo ndizo malighafi ya sehemu kubwa ya visu na mapanga ya wahunzi wetu, huwa na kaboni kati ya asilimia 0.5 na 0.6 hivi, na nyingi zina kromi kidogo. Kromi hiyo inafanya chuma kiwe kigumu kwa urahisi. Bapa jembamba likiachwa lipoe hewani baada ya kufuliwa, linaweza kuwa gumu kiasi cha tupa kuteleza juu yake na kulia. Kijana anasukuma, meno ya tupa yanapasuka, anahitimisha kwamba kazi hii ni ya mashine. Dawa yake ni majivu. Kisu kinapashwa moto mpaka sumaku isishike tena, jambo linalotokea karibu na nyuzi joto 770, kinaongezwa moto kidogo, kisha kinazikwa ndani ya ndoo ya majivu makavu na kuachwa humo usiku kucha. Asubuhi tupa inauma. Magamba meusi ya moto yaliyobaki juu ya chuma yaondolewe pia, kwa kukilaza kisu kwenye siki au kwa kukikwangua kwa tupa iliyochoka, kwa kuwa magamba hayo yanaua meno ya tupa mpya kwa muda mfupi.

Kazi yenyewe inaanza kwa jambo ambalo wengi hulishangaa: fundi haanzi na pembe anayoitaka. Bapa linafungwa juu ya kipande cha ubao kilichonyooka, ubao unabanwa kwenye jiliwa, na jiliwa liwe kwenye urefu wa kiwiko. Kisha tupa ya meno makubwa inainamishwa sana, kama digrii 45, na ukingo unakatwa mpaka ufike kwenye mstari wa chini, pasipo kuuvuka. Kwenye pembe kali namna hiyo tupa inagusa chuma kidogo, inakata haraka, na mstari unaonekana wazi wakati wote. Ukimaliza upande mmoja, unahamia wa pili. Sasa una ukanda mwembamba pande zote mbili, na unene wa makali umeshaamuliwa kwa urefu wote wa kisu. Kuanzia hapo hugusi tena chini. Unalaza tupa kidogo zaidi, ukanda unapanuka kuelekea juu. Unailaza tena, unapanuka tena. Mpaka ukanda ufike kwenye mstari wa juu. Kisu kilichofuliwa vizuri kinakuwa na hanamu ya nyundo tayari, kwa hiyo sehemu kubwa ya njia hiyo imekwisha kutembewa.

Uzuri wa utaratibu huu ni kwamba kila kosa linaonekana wakati lingali dogo. Ukanda ukiwa mpana zaidi karibu na ncha, maana yake hapo umekata zaidi. Unaacha ncha, unarudi kati. Badilisha mwelekeo wa tupa kila baada ya mizunguko michache, mara kutoka kushoto, mara kutoka kulia, na mikwaruzo ya zamani itakuonyesha mabonde ambayo tupa haijayafikia. Mwisho, shika tupa kwa mikono miwili kwenye ncha zake, ilale ikikingama bapa, na uivute kwa urefu wa kisu. Hapo tumbo la hanamu linakwisha. Paka chaki kwenye meno ya tupa ili vumbi la chuma lisikwame na kuchora mifereji, na utoe uzito unaporudisha nyuma, kwa kuwa tupa hukata ikisukumwa mbele, na kuiburuta kwa nguvu ikirudi ni kuichosha bure.

Wapo wanaofunga tupa kwenye fimbo inayopita ndani ya tundu la skrubu, ili pembe isibadilike. Ni kifaa kizuri, cha gharama ndogo, na sina neno nacho. Lakini hata hicho hakiondoi haja ya mistari. Kinashika pembe moja kwa uaminifu, na bapa likiwa limepinda, kitaihamisha hitilafu ya bapa moja kwa moja kwenye hanamu.

Turudi kwa mashine. Mkanda wa msasa wa aina ile inayosifiwa zaidi, wenye upana wa milimita 50 na urefu wa kama mita 1.8, hauna kumbukumbu ya mahali ulipopita. Anayeutumia hukishika kisu mkononi na kukiburuta mbele yake, akitazama nini? Mistari ileile miwili. Muulize fundi yeyote mzuri wa mashine, atakuonyesha ukingo wake umepakwa wino na kuchorwa kabla hajawasha umeme, na atakuambia kwamba alianza na pembe kali kisha akailaza. Utaratibu ni uleule wa tupa. Tofauti ni kwamba mkanda unafanya kwa dakika kile ambacho tupa inafanya kwa saa, na kosa nalo linakua kwa kasi hiyohiyo. Tupa ikikosea mara moja imeondoa vumbi. Mkanda ukikosea kwa sekunde mbili umechimba shimo ambalo utalifukuza kwa kupunguza kisu kizima.

Grenda ya mkononi, ambayo ndiyo mashine halisi iliyo mikononi mwa mafundi wengi wa mitaani, ina hatari zaidi. Nyingi huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, na diski yake ya duara inagusa bapa kwa eneo dogo sana, kwa hiyo inachonga mawimbi. Inafaa kukata springi vipande, inafaa kupunguza umbo la nje. Kuitegemea kwa hanamu ni kujitafutia visu vyenye mabonde, na kutumia ubavu wa diski nyembamba ya kukatia kusagia ni kujitafutia hatari ya mwili, maana diski hizo hupasuka zikibanwa kando. Ninaposikia fundi akisema pande za visu vyake hazifanani kwa kuwa ana grenda tu na hana mashine ya mkanda, naona amelipa umeme ili apate matokeo mabaya kuliko ya tupa iliyomo ndani ya sanduku lake.

Kama ingekuwa kweli kwamba usawa unatoka kwenye mashine, historia ya ufundi ingekuwa tofauti na ilivyo. Tupa yenyewe ni ushahidi. Mpaka karne ya 19, na huko Sheffield, Uingereza, hata baada ya karne ya 20 kuanza, tupa zilikatwa meno kwa mkono, jino moja moja, kwa tindo na nyundo. Fundi hakuwa na kipimo cha kutenganisha meno. Aliitelezesha tindo juu ya chuma mpaka ikagota kwenye kingo iliyoinuliwa na jino lililotangulia, hapo akapiga. Jino lililopita ndilo lililokuwa mstari wa jino lijalo. Akishamaliza upande wa kwanza aliulaza juu ya kipande cha risasi ili meno mapya yasivunjike akipiga upande wa pili, na risasi hiyo iliwadhuru wengi wao kwa sumu yake. Kampuni ya Nicholson ilianzishwa Providence, Marekani, mwaka 1864, ikawa miongoni mwa zilizofanya mashine ishinde katika kazi hiyo, na ushindi huo ulikuwa wa bei na wingi. Usawa wa meno ulikuwepo zamani, na ndio uliowezesha tupa hizo kunyoosha vyuma vya mashine za kwanza.

Nchini Japani, waliofua panga za kale walitengeneza umbo la hanamu kwa nyundo kwanza, wakaendelea na chombo cha kukwangulia kiitwacho sen, chenye makali yake katikati na mishiko miwili, kisha tupa, na hayo yote kabla ya panga kuingia kwenye moto wa kuimarishwa. Waomani wana jambia, ambayo bapa lake limepinda na lina ukingo ulioinuka katikati pande zote mbili, hivyo hanamu zake ni nne na hakuna hata moja iliyonyooka. Na huku kwetu, wahunzi wa Kichagga wa mteremko wa Kilimanjaro waliwafulia Wamaasai mikuki ya bapa refu, yenye mgongo unaopita katikati tangu kwenye mpini hadi ncha. Ipo mpaka leo kwenye makumbusho. Ichukue moja uitazame kwa urefu, macho yakiwa usawa na ncha, ufuate mgongo ule unavyokwenda. Umeme haukuwepo. Kijana wa Mamba, huko huko Kilimanjaro, anayeambiwa leo kwamba bila mkanda wa msasa hawezi kunyoosha hanamu ya kisu cha jikoni cha sentimita 15 anaambiwa hivyo kwenye kijiji ambako babu zake walinyoosha bapa refu kuliko mkono wake.

Naongeza jambo ambalo watetezi wa mashine na watetezi wa mkono wote hulichanganya. Pande mbili za kisu kufanana si sharti la kila kisu. Visu vya Kijapani vya samaki, kama yanagiba na deba, vina hanamu upande mmoja tu, na upande wa pili umebonyezwa kidogo. Ndivyo vinavyotakiwa, kwa kuwa mpishi anajua kisu kinavutwa upande gani na anakitumia hivyo. Kisu cha pande mbili chenye tofauti ndogo kati ya kulia na kushoto kitapinda njia kidogo ndani ya kiazi, na mtumiaji atazoea. Usawa usio na msamaha ni ule wa urefu: hanamu moja, kutoka mpini hadi ncha, iwe na unene wa makali uleule. Makali yenye mahali pazito na mahali pembamba hayanoleki sawa. Kila unapokipitisha kwenye kinoo, jiwe linakula pembamba na kupaacha pazito, na kisu kinapata mawimbi yanayozidi mwaka hadi mwaka.

Na upo ubaya unaotokea mapema zaidi, ndani ya mafuta. Kisu kinapotolewa kwenye moto na kuzamishwa, upande mwembamba unapoa kabla ya mnene, na bapa linavutwa. Hapo ndipo hanamu zisizo sawa zinapogeuka kuwa kisu kilichopinda, na mhunzi analaumu mafuta au springi. Ndiyo sababu ya ile milimita 1 iliyoachwa kwenye makali: makali membamba sana yanapinda au kupasuka kwenye mafuta, na pia yanapoteza kaboni yake kwa moto yakiwa yamebaki kama karatasi.

Nyundo nayo ina sehemu yake kubwa kuliko inavyotajwa. Unapofua hanamu, chuma cha upande wa makali kinatanuka, na bapa linapinda kuelekea mgongoni. Mhunzi anayejua hulipinda kwanza kwa upande wa makali, ili hanamu inapofuliwa lijinyooshe lenyewe. Anageuza bapa kila baada ya mapigo machache, idadi ileile kila upande, na anakagua unyoofu kila joto linaposhuka. Kazi ya namna hiyo kwenye fuawe inaiachia tupa kidogo sana, na hapo ndipo hoja ya muda, ambayo ni hoja ya kweli kuliko zote za upande wa pili, inapopungua nguvu.

Hoja hiyo inastahili jibu la wazi. Mhunzi wa Kamukunji, Nairobi, anayeishi kwa kuuza mapanga mengi kwa wiki hawezi kutumia nusu siku ya tupa kwa kila panga, na simwambii afanye hivyo. Akipata mashine, aipate. Ninachopinga ni mpangilio wa mambo: kumnunulia kijana mashine kabla hajajua kuchora, kisha kushangaa kwamba visu vyake vimekuwa vibaya kwa haraka zaidi. Wanaofundisha ufitta, yaani ufundi wa kulinganisha na kuunganisha vipande vya mashine, kwa kawaida hawafanyi kosa hilo. Mwanafunzi wao huanza na kipande cha chuma, tupa na bamba tambarare la kukagulia, na hakabidhiwi mashine ya kusagia kabla hajaweza kupata uso tambarare kwa mkono. Uhunzi wa visu umejitenga na mafunzo hayo bila sababu, na mafundi wake wengi wamejifunza mstari baada ya mashine, kama waliujifunza kabisa. Hata kwa mwenye haraka, kigezo cha bati kilichokatwa mara moja kinachora visu hamsini, na biti inapita ukingoni kwa muda wa kupumua mara chache.

Linabaki pingamizi moja, la hatua ya baada ya mafuta. Chuma kimeshakuwa kigumu, tupa haishiki tena, na makali yana milimita 1 inayopaswa kupunguzwa. Hapa, husemwa, angalau mashine ni lazima. Hapa ndipo ninapoipinga zaidi. Chuma cha springi kilichoimarishwa kinapopata joto la nyuzi 220 hivi kinageuka rangi ya majani makavu, na kikifika karibu na 300 kinakuwa bluu. Makali yaliyobadilika bluu yamelegea, na hakuna kunoa kutakakoyarudishia ugumu. Mkanda mkavu unaweza kuyafikisha huko kabla mkono haujahisi joto, kwa sababu makali ndiyo membamba na hayana pa kupelekea moto. Jiwe lenye chembe kubwa lililolowekwa maji, au msasa wa maji uliofungwa juu ya kipande cha ubao ulionyooka, hauwezi kuyachoma hata ukitaka. Ni polepole, ndiyo. Hanamu iliyopigwa tupa ikawa tambarare inalala juu ya jiwe yote kwa pamoja, kwa hiyo jiwe linaongozwa na uso uliokwishatengenezwa, na fundi hahitaji tena kufikiria pembe. Anasugua upande mmoja mpaka mikwaruzo ya tupa iishe kutoka juu hadi chini, anageuza, anasugua wa pili, na kila mara anarudisha biti ukingoni kuona katikati pamebaki katikati.